Ufundishaji mdogo kwa video: maana yake kwa walimu wa muziki na michezo

Ufundishaji mdogo ni zoezi ambamo mwalimu tarajali hufundisha kipindi kifupi, dakika 5 hadi 10 hivi, mbele ya wanafunzi wachache au wanachuo wenzake, akinoa stadi moja tu. Kipindi hurekodiwa, yeye na mkufunzi wake hukitazama, kisha hukifundisha upya. Utaratibu huu ulianza Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Dwight Allen akiwa mmoja wa waasisi. Wakati huo kamera ilikuwa mzigo mzito; leo simu inatosha.

Kwa maoni yangu, wanaoihitaji video hiyo zaidi ni walimu wa muziki na wa elimu kwa michezo. Somo la hisabati huacha madaftari ya kusahihisha. Noti ikishaimbwa imekwenda, na mtoto akishapiga kichwangomba hakuna kilichobaki juu ya mkeka.

Uwanjani, video huumbua foleni: watoto ishirini wamesimama wakisubiri mpira mmoja, mwalimu bado anaeleza, tena amewapa mgongo nusu yao. Darasani huumbua sauti ya mwalimu mwenyewe. Anaimba kwa nguvu pamoja na watoto, kwa hiyo yeye hawasikii wanapopotoka. Au ni mwanamume anayetoa do (noti ya kuanzia) kwa besi yake, yaani sauti nzito ya chini, watoto wanabaki kuitafuta. Mkufunzi anaweza kuyasema haya mara kumi yasiingie. Mhusika akijiona mara moja, hana la kubisha.

Kifaa nacho kina hila zake. Video ya kawaida huchukua picha 30 kwa sekunde, ilhali mguu hugusa mpira kwa takriban sekunde 0.01 tu, hivyo tukio lenyewe laweza kuangukia katikati ya picha mbili. Mwendo wa polepole wa picha 240 hulinasa. Kwenye muziki, epuka kurekodi kupitia programu za mikutano ya mtandaoni: zimeundwa kuchuja kelele ili maneno yasikike, na ngoma au filimbi huhesabiwa kelele. (Ndiyo maana mazoezi ya kwaya kwa njia hiyo huwa vurugu, achilia mbali sauti kuchelewa.)

Watoto wakiwamo kwenye video, wazazi waridhie kwanza, na mafaili yabaki chuoni, yasizunguke kwenye makundi ya WhatsApp.