Kufikiri kwa Kiingereza maana yake nini hasa?

Mwalimu wa kidato cha kwanza anamaliza kuandika ubaoni, anageuka na kuuliza, "Don't you understand?" Darasa zima linaitikia, "Yes!" Mwalimu anafuta ubao na kuendelea na somo. Ukweli ni kwamba hawajaelewa kitu. Kwetu, ukiulizwa "Hamjaelewa?" nawe hujaelewa, unajibu "Ndiyo, hatujaelewa": unakubaliana na muulizaji. Mwingereza haangalii muulizaji kasemaje, anaangalia jambo lenyewe, na kama hujaelewa jibu lake ni "No". Watoto wale wametamka Kiingereza huku wakifikiri kwa Kiswahili.

Kufikiri kwa Kiingereza, basi, si kubana pua wala kujifanya Mzungu. Ni kuruka kituo cha katikati. Anayeanza huona jambo, hulitaja kimoyomoyo kwa Kiswahili, hulitafsiri, ndipo afungue mdomo. Kufikia hapo mazungumzo yameshampita. Aliyezoea huona mvua na "rain" inakuja yenyewe.

Ile sauti tunayojisemea kichwani huitwa usemi wa ndani. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba mtoto huanza kwa kuzungumza na watu, kisha huongea peke yake akiwa anacheza, na hatimaye maongezi yale huzama ndani yakawa fikra. Naona mtu mzima anaweza kuipita njia hiyohiyo: anong'one anachokifanya wakati anakifanya. Majirani wakishangaa, awaache washangae.

Kwa nini wakati anakifanya? Chukua kitenzi kimoja tu, "piga". Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki. Mtafsiri atahangaika kutafuta "piga" ya Kiingereza itakayobeba yote hayo, asiipate, aishie kulichapa shati lake. Lakini ukiwa umeshika pasi ya moto mkononi ukasema "I'm ironing my shirt", sentensi inaingia nzima nzima, imegandana na joto na harufu ya kitambaa. Kesho ukiishika pasi, itakuja bila kuitwa.

Na neno likikosekana? Usikimbilie kamusi katikati ya kazi, zunguka. Jikoni una mbuzi ya kukunia nazi. Ukiitafsiri kama ilivyo, umemkalisha mpishi juu ya mnyama. Sema, kwa maneno machache uliyonayo, kile kigoda chenye chuma cha kukunia nazi. Kuzunguka huko kwenyewe ndiko kufikiri kwa Kiingereza, kuliko hata kulijua neno lenyewe.

Ila ukijisemea peke yako bila kusikiliza wengine, kosa lako litakomaa. "Yeye" yetu haibagui mwanamke na mwanamume, kwa hiyo unaweza kumwita mama yako "he" mwaka mzima asitokee wa kukusahihisha. Sikiliza redio, rudia kama kasuku.

Kilichonichelewesha mimi ni saa. Niliwahi kumwambia mgeni aje "four o'clock", kichwani nikiwa na saa nne asubuhi. Nikapika chai, ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena. Kaja saa kumi jioni, amewahi kabisa. Siku hizi siigeuzi saa nne, nachungulia simu inayoandika 10:00 na kusoma kama ilivyo.

Hesabu ndiyo imegoma kuhama. Jedwali la kuzidisha nilikariri shule ya msingi kwa Kiswahili, na konda akinirudishia chenji, hata niwe nimeongea Kiingereza kutwa nzima, nahesabu moja, mbili, tatu.