Mkulima Mmennonite na kigari cha farasi

Wapo wengi hapa Dar es Salaam wanaoamini kwamba mkulima Mmennonite, yaani muumini wa dhehebu la Kikristo la Mennonite, aliye mcha Mungu ni mtu aliyekataa umeme na magari, anayelima kwa farasi na kuilea familia yake mbali na watu wengine. Picha hiyo haikuzuka hewani: Waamishi, waliojitenga na ndugu zao wa imani mwaka 1693, pamoja na baadhi ya Wamennonite wa mkondo wa kale huko Marekani na Kanada, huishi karibu hivyo. Hata hivyo, imani yenyewe, iliyochipuka katika vuguvugu la Waanabaptisti (Wakristo waliopinga ubatizo wa watoto wachanga) lililoanza Zurich, Uswisi, mwaka 1525, husisitiza ubatizo wa mtu anayejiamulia mwenyewe, amani na kutoshika silaha. Kukataa trekta hakumo katika mambo hayo. Wamisionari wake walifika Shirati, mkoani Mara, mwaka 1934, na mkulima muumini wa huko aweza kuuza mahindi yake kwa simu, kisha akapanda basi kuja kuwaona wanawe jijini. Anayetaka kuhakiki amuulize muumini mwenyewe (pengine jirani mwenye asili ya Mara atatosha), na akikutana na picha ya kigari cha farasi, atazame kwanza imepigwa wapi na inahusu kundi gani.