Bunduki ya zamani ikikwama: dhana potofu zinazokula pesa za watu, na ukweli wenyewe

Dhana inayoharibu bastola nyingi za zamani kuliko hata kutu ni hii: ikikwama, shida iko kwenye chuma. Unakuta mtu huku Marekani kanunua Colt 1911, ile bastola ya jeshi la Marekani, ya enzi za vita, kaenda nayo renji (uwanja wa kulenga shabaha), risasi ya tatu imekwama pua juu, basi akirudi nyumbani anatoa mashine ya kusugulia na msasa anaanza kung'arisha ile njia ya kupandishia risasi kwenye fremu. Jamani msifanye hivyo. Ile njia ina mwinamo wake, na kati yake na mdomo wa nyuma wa mtutu kuna kiupenyo kidogo kama sehemu moja ya 32 ya inchi ambacho kimewekwa makusudi, ukishakila kwa msasa hakirudi, na fremu ndiyo kitu pekee kwenye bastola hiyo ambacho huwezi kukibadilisha tu kama spea nyingine.

Ukweli ni kwamba 1911 ikikwama, cheki magazini (kile kisanduku cha risasi) kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Chukua magazini zako zote, ziandike namba kwa maka chini, halafu piga na uandike kila inapokwama ilikuwa namba ngapi. Mara nyingi sana utakuta kukwama kote kumetoka kwenye magazini moja au mbili, na zilizobaki hazina neno. Sasa ishike hiyo mbovu uiangalie kwa karibu. Midomo ya juu inayobana risasi, hasa pembe za nyuma, ndipo nyufa zinapoanzia, nyembamba kama unywele, huzioni mpaka uelekeze taa kwa ubavu. Halafu angalia kile kibati kinachosukuma risasi juu, za jeshi zina kichunusi pale katikati, kazi yake ni kuzuia risasi ya mwisho isichomoke mbele yenyewe bastola inaporuka, magazini nyingi za bei chee hazina kichunusi hicho halafu mtu anashangaa kwa nini ile ya saba kila siku inaleta vurugu.

Na kitu kingine watu hawakifikirii, ile bastola iliundwa kwa risasi gani. Mwaka 1911 ilipofanyiwa majaribio na jeshi ilipiga risasi 6,000 bila kukwama na hiyo rekodi watu wanaipenda kuinukuu, lakini zile zilikuwa risasi za kichwa cha mviringo, na bastola ilikuwa mpya. Ukitia hizi za kisasa zenye kichwa chenye shimo, fupi, pana mdomoni, kwenye bastola ya 1943 yenye magazini ya 1943, halafu ukasema bastola ni mbovu, unaionea. Tia zile za mviringo za greni 230 (uzito wa kichwa cha risasi) kwanza. Ikila vizuri basi umeshajua bastola yako ni nzima, ugomvi wako ni wa risasi.

"Weka springi ngumu zaidi itakuwa imara"

Hii naisikia sana, na inasemwa na watu wazima wenye uzoefu kabisa. Springi ya kurudishia slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukipiga) kwenye 1911 yenye mtutu wa inchi 5, ya risasi za .45, ni ya ratili 16. Mtu akiona bastola inasumbua anaruka mpaka 20 au 22 akidhani atapata nguvu ya kusukuma risasi ndani. Kinachotokea ni kwamba slaidi inarudi mbele kwa kasi kuliko magazini inavyowahi kupandisha risasi inayofuata, kwa hiyo inaipita, au inaikamata vibaya, na juu ya hapo slaidi haifiki nyuma vizuri hivyo ganda linabaki limesimama mlangoni. Yaani umejinunulia matatizo mawili kwa bei ya springi moja. Springi iliyochoka badilisha, ndiyo, weka mpya ya ratili ileile iliyotakiwa tangu mwanzo. Kampuni ya Wolff kule Pennsylvania inatengeneza springi za bunduki za kila aina mpaka za zamani ambazo kiwanda chake kilishafungwa, na bei haiumizi, kwa hiyo sioni sababu ya mtu kununua springi iliyotumika. Springi nunua mpya siku zote.

Tukiwa kwenye springi, ile ya kwamba magazini ukiiacha imejaa springi inakufa nayo siyo. Springi nzuri inachoshwa zaidi na kubanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa, siyo kukaa imebanwa ndani ya kipimo chake. Kama ya babu ilikaa imejaa kwenye droo miaka na miaka na bado inasukuma, hakuna muujiza hapo.

Ekstrakta, hapa nataka tukae kidogo

Ile kucha inayoshika ukingo wa ganda na kulivuta nje ndiyo kitu kinacholaumiwa kidogo na kukosea sana kwenye 1911. Kwenye bastola hii haina springi yake ndogo, yenyewe nzima ni kipande kirefu cha chuma cha springi kimepinda kidogo, na huko kupinda ndiko kunakoipa nguvu ya kubana. Ikilegea, maganda yanatoka ovyo, mengine yanakupiga paji la uso, mengine yanabaki chemba (mahali pa risasi ndani ya mtutu). Ikibana kupita kiasi, slaidi haifungi mpaka mwisho, unaisukuma kwa dole gumba. Watu wanaona slaidi haifungi wanakimbilia springi ngumu, tumeshaongea hiyo.

Kuipima ni rahisi. Toa slaidi, toa mtutu na springi, chukua risasi bandia ya mazoezi (bandia, siyo ya kweli, tafadhali), ipenyeze kwa chini mpaka kucha iishike. Itikise taratibu. Ikibaki imeshikwa, sawa. Ikianguka hapohapo, kucha imelegea. Fundi anayejua 1911 anairudisha kwa dakika chache, haihitaji hata kununua mpya mara nyingi.

Na kinachoiharibu ni tabia moja tu, kudondosha risasi moja kwa mkono ndani ya chemba halafu kuiachia slaidi ijipige mbele. Kucha hii imeundwa risasi iingie kutoka chini, ukingo uteleze nyuma yake. Ukiilazimisha iruke juu ya ukingo kila mara, itapinda au itavunjika ncha. Kama unataka risasi moja tu, itie kwenye magazini.

"Spea za 1911 zote zinaingiliana"

Hii ina ukweli nusu na ndiyo maana inakamata watu wengi. Wakati wa Vita vya Pili bastola hizi zilitengenezwa na Colt, Ithaca, Remington Rand waliokuwa wa mashine za kuandikia, Union Switch & Signal waliokuwa wa taa za reli, na Singer wa cherehani waliotengeneza 500 tu. Jeshi lilitaka spea ya huyu iingie kwenye bastola ya yule bila tupa, na iliingia. Kwa hiyo kama yako ni ya jeshi na spea ni ya jeshi, uwezekano ni mkubwa itakaa.

Ila Colt wa kiraia walibadilisha mambo. Kuanzia 1970 kwenye Series 70 walileta bushing ya mbele (pete inayoshika mdomo wa mtutu) yenye vidole vya kubana mtutu, na vile vidole vilikuwa vinakatika, mtu analia bastola imejam kumbe kidole kimevunjika ndani, wengi wanaitoa wanaweka ile ngumu ya kizamani. Halafu 1983 ikaja Series 80 yenye kizuizi cha pini ya kupigia, kwa hiyo slaidi, fremu na pini vina vipande vya ziada, usiagize kitu kabla hujajua yako ni ipi. Na bastola za makampuni mengine zinazofanana na 1911 kwa macho zina vipimo vyao. Ukiandika tu "spea ya 1911" unaomba matatizo. Andika mtengenezaji, mwaka, namba ya bastola imeangukia kipindi gani, piga picha pande zote mbili za kile kipande cha zamani, pima kwa kaliper (kifaa cha kupimia unene).

Kupata ni kutafuta. Numrich kule jimbo la New York wanajulikana kwa spea za bunduki ambazo hata jina lake watu wamesahau, na michoro yao ya bunduki iliyofunguliwa vipande vipande ni shule tosha hata kama hununui, utajua kipande chako kinaitwaje na kinakaa wapi. Maonyesho ya bunduki pia, pale mezani kwa wazee wenye makopo ya skrubu, ila nenda na kaliper. Na mtu akikuuzia kitu chenye chapa ya Singer kwa bei ya kuchekesha, kihesabu ni feki mpaka mjuzi akwambie vingine. Zilikuwa 500 tu.

Halafu kuna hili la kuzipaka rangi upya zing'ae. Spea ya zamani yenye rangi iliyofifia pamoja na bastola yake ina thamani yake kwa wakusanyaji, ukiisugua na kuipaka umekata bei kubwa, na bastola haipigi vizuri zaidi kwa kung'aa.

Sasa zile dhana zinazoweza kumwumiza mtu

Springfield 1903, rifle ya zamani ya jeshi la Marekani. Watu wanasema ni rifle nzuri, ya chuma cha zamani, "chuma cha zamani kilikuwa chuma". Siyo zote. Zilizotengenezwa kiwanda cha Springfield Armory chini ya namba 800,000 na za kiwanda cha Rock Island chini ya 285,507 zina risiva (kiunzi kikuu cha rifle) ambazo nyingine ziliunguzwa wakati wa kufuliwa, kwa sababu wafanyakazi walikuwa wanakadiria joto la chuma kwa macho, na rangi ya chuma chenye moto inaonekana tofauti siku ya jua na siku ya mawingu. Zile zilizozidishwa moto zinavunjika kama kioo badala ya kupinda. Huwezi kujua kwa kuangalia ipi imeungua. CMP wenyewe (shirika la Marekani linalowauzia raia rifle za zamani za jeshi) wanashauri zisipigwe. Hakuna spea itakayotibu hilo, ining'inize ukutani.

SKS, rifle ya Kirusi, iliyotoka kwenye hifadhi imejaa ile grisi nzito ya kahawia. Watu wanafuta mtutu wanaona imeng'aa wanaenda renji. Ndani ya bolti (kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) kuna pini ya kupigia ambayo kwenye SKS nyingi inaelea tu bila springi, grisi ikiikamata ikiwa imetokeza mbele, bunduki inaweza kulipua risasi yenyewe bolti inapofunga, na ikaendelea hivyo mpaka magazini iishe. Toa bolti, itikise sikioni. Usiposikia pini inacheza kwa kugonga gonga, usitie risasi hata moja, ifungue uioshe mpaka isikike.

Lee-Enfield, rifle ambayo askari wa KAR (King's African Rifles) waliibeba, ina dhana yake, kwamba bolti yoyote ya Enfield inafaa Enfield yoyote. Inaingia, ndiyo, na inafunga. Lakini ile nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda ilipangwa kwa kila rifle, ndiyo maana bolti ina namba ya rifle yake. Kwenye Enfield aina ya No. 4 kichwa cha bolti kinafunguka kwa kuzungusha na kina namba 0 mpaka 3, kadiri namba inavyopanda ndivyo kinavyokuwa kirefu, japo si ajabu kukuta 1 ndefu kuliko 2, kwa hiyo pima, usiamini namba. Kuna geji zake, fundi bunduki anazo, mpelekee kabla hujapiga ile uliyounga kwa bolti ya mtandaoni. Na kabla hujaita magazini yake mbovu, angalia umezipangaje risasi: .303 ina ukingo mpana kitakoni, kila risasi ya juu lazima ukingo wake ukae mbele ya ukingo wa ya chini. Ukizipanga kinyume zinanasana na bolti haisogei, bunduki haina kosa lolote.

Amonia haitoi chumvi

Risasi za jeshi za zamani, za .303, za .30-06 za kabla ya miaka ya 1950, nyingi za nchi za Mashariki, kiwashio chake kinaacha chumvi kwenye mtutu. Chumvi hiyo inavuta unyevu hewani, na kwa siku chache mtutu umekula kutu. Watu wanamimina sabuni za dirishani zenye amonia wakidhani zinaua ile chumvi, na wengine wanapaka oili tu. Oili haiyeyushi chumvi, inaifunika. Amonia haiifanyi chochote, kilichosaidia pale ni maji yaliyomo kwenye chupa. Askari wa Kiingereza walikuwa wanamimina maji ya moto kwa faneli kwenye mtutu, na mpaka leo hakuna dawa bora kuliko hiyo. Maji yachemke, yapite, mtutu upate joto ujikaushe, futa, ndipo upake oili kidogo. Na kwenye zinazojipakia kwa gesi usisahau bomba la gesi na pistoni, maana chumvi inafika huko pia.

La mwisho ni kwa ndugu walioko nyumbani wanaoona bei za huku na kutaka kutumiwa. Dhana ni kwamba spea siyo bunduki, kwa hiyo haina shida. Huku Marekani kwa sheria ya shirikisho risiva au fremu ndiyo inayohesabika kama bunduki na spea nyingi nyingine zinanunuliwa kwa posta, ingawa majimbo yana sheria zao, na iliyotengenezwa 1898 au kabla inahesabika ya kale. Lakini Kenya, sheria ya silaha sura ya 114 inahesabu hata kipande cha bunduki kuwa silaha, na kutoa spea Marekani kwenda nje kuna sheria za usafirishaji wa silaha juu yake. Kile kipande cha springi unachokiona kidogo ndani ya bahasha kinaweza kukuweka ndani wewe na aliyekutumia. Mwenye leseni apitie kwa muuzaji mwenye leseni na bodi ya leseni za silaha, hata kama itachukua miezi.