Kompresa ya besi: inafanya nini na nobu zake zinasetiwaje

Kompresa ni kifaa, mara nyingi pedali ya kukanyaga kwa mguu, kinachoshusha sauti pale inapovuka kiwango ulichokiweka, kisha kinaiachia ikirudi chini. Kazi yake ndiyo hiyo tu. Ule unene ambao wapiga gitaa la besi huusifia unakuja baadaye, kwa nobu ya kuinua sauti: noti kali zikishapunguzwa, unapata nafasi ya kupandisha kila kitu, na zile dhaifu zilizokuwa zinamezwa na ngoma zinaanza kusikika.

Besi inalihitaji hili sana, kwa sababu noti zake hazitoki sawa hata ukipiga kwa kidole kilekile. Uzi wa E, ule mnene, unavuma; wa G, ule mwembamba, unatoa sauti nyembamba. Ukianza kupiga kwa gumba, sauti inaruka ghafla, fundi mitambo anakimbilia miksa.

Kile kiwango unachokiweka huitwa kizingiti. Uwiano unaamua kinachozidi kitapunguzwa kiasi gani. Tuseme noti imevuka kizingiti kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 12 na uwiano ni 4:1. Itatoka ikiwa imezidi kwa desibeli 3 tu, 9 zimekatwa. Hizo ni nyingi kwa upigaji wa kawaida. Kwa kuanzia weka 4:1, kizingiti kiwe juu, kisha kishushe polepole huku ukipiga kama unavyopiga jukwaani, mpaka taa za pedali zionyeshe punguzo la desibeli 3 hadi 6 kwenye noti kali.

Ataki ni muda ambao kompresa inachukua kabla haijaikaba noti vizuri. Kishindo cha kidole kuuachia uzi kinapita ndani ya milisekunde chache, na ndicho kinachomfanya msikilizaji aijue noti imeanza wapi. Ataki ya haraka mno inakikaba hicho, besi inasikika kama imefunikwa blanketi. Mimi huanzia milisekunde 20 hadi 30. Anayepiga kwa gumba na kutaka vishindo vitulie ataiharakisha kidogo.

Rilisi, muda wa kuachia, ndiyo inayosahaulika, na kwenye besi ina mtego wake. Uzi wa E ukiwa wazi unatetema kama mara 41 kwa sekunde, yaani wimbi moja linachukua milisekunde 24 hivi. Rilisi ikiwa fupi kama hiyo, na ataki nayo ni ya haraka, kompresa inakaba na kuachia ndani ya wimbi lilelile, sauti inakwaruza. Watu hulaumu spika bure. Kwenye besi ya nyuzi tano, B ya chini ni mawimbi 31 kwa sekunde, wimbi lake ni refu zaidi, kwa hiyo mtego unaanza hata rilisi ikiwa ndefu kidogo kuliko hiyo. Anzia milisekunde 150 au 200. Ikiwa noti ya pili inatoka dhaifu kwa sababu ile ya kwanza bado imekabwa, punguza rilisi.

Si kila pedali ina nobu zote hizi. MXR Dyna Comp, ya tangu miaka ya 1970, inajulikana kwa nobu mbili: moja ya ukali wa mkabo, nyingine ya sauti inayotoka. Hapo utatumia sikio tu. Na pedali iliyotengenezwa kwa ajili ya gitaa la solo inaweza kula besi ya chini. Ikiwa na nobu ya kuchanganya sauti ghafi, isiyokabwa, umepona.

Mwisho linganisha sauti. Washa pedali, izime, washa tena, na urekebishe nobu ya sauti inayotoka mpaka ukubwa wa sauti uwe uleule. Ukiacha iliyowashwa iwe kubwa, sikio litaipenda kwa ukubwa wake tu. Sikiliza pia mvumo kati ya noti, maana ukiinua sauti, kelele za adapta nazo zinapanda. Halafu jaribu na mpiga ngoma: seti iliyopendeza ukiwa peke yako chumbani mara nyingi inakuwa imekabwa kupita kiasi bendi ikiingia.