Mzigo Uliopimwa Usionekane: Kuhusu Seva Fuasi Inayobaki Nyuma

Zabibu hapa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na katika msimu mmojawapo nilipokea simu iliyonifanya nianze kuisimamia kanzidata kwa namna nyingine. Karani wa mizani katika kituo cha upande wa Hombolo alikuwa amepima kreti za mzee mmoja na kuingiza kilo kwenye mfumo, na mfumo ukamjibu kwamba umepokea. Alipofungua orodha ya stakabadhi ili amchapishie mzee karatasi yake, mzigo haukuwamo. "Mtaalamu, nimeshaingiza mara mbili, na mzee amesimama hapa juani," aliniambia. Maneno "mara mbili" ndiyo yaliyonishtua zaidi, kwa kuwa maana yake ni kwamba mzigo mmoja ulikuwa tayari umeandikwa kama miwili, na chama kingeweza kuulipa kama miwili.

Chama cha ushirika ninachokihudumia kinatumia programu ya kanzidata iitwayo PostgreSQL. Kwa kuwa ni programu huria, hatudaiwi ada ya leseni kwa kila seva tunayoongeza, na ndiyo maana chama cha kiasi chetu kinaweza kumudu seva zaidi ya moja. Wakati ule zilikuwa mbili, zote mjini Dodoma lakini katika majengo tofauti: seva kuu, ambayo peke yake hupokea maandishi mapya, na seva fuasi, ambayo huifuata ile kuu na kujibu maswali ya kusoma tu. Utaratibu huu umo ndani ya PostgreSQL tangu toleo la 9.0 la mwaka 2010. Kila badiliko huandikwa kwanza kwenye kumbukumbu iitwayo WAL, yenye mafaili ya megabaiti 16 kila moja kwa kawaida, kabla ya kugusa majedwali yenyewe. Seva kuu huitiririsha kumbukumbu hiyo kwenda kwa fuasi, na fuasi huyarudia mabadiliko yaleyale kwa mpangilio uleule.

Kwa hiyo karani alikuwa akiandika kwenye seva moja na kusoma kutoka nyingine. Kwa siku za kawaida tofauti kati ya hizo mbili ilikuwa sehemu ndogo ya sekunde, na hakuna aliyeiona. Siku ile kila mtu ofisini, nami nikiwemo, alianza kwa kuulaumu mtandao.

Mtandao haukuwa na kosa, na seva yenyewe ilikuwa tayari kulithibitisha hilo. Katika seva kuu kuna mwono unaoitwa pg_stat_replication, ambao kwa kila fuasi huonyesha nafasi nne ndani ya kumbukumbu ya WAL: ilipofikia kutumwa, ilipofikia kuandikwa upande wa pili, ilipofikia kutua kwenye diski, na ilipofikia kurudiwa ndani ya majedwali. Iwapo nafasi ya kutumwa imebaki nyuma, chunguza mtandao au seva kuu. Iwapo ya diski imebaki nyuma, chunguza diski ya fuasi. Mimi nilikuta tatu za kwanza zikienda sambamba, huku ya nne imesimama kwa dakika 9. Kilo za mzee zilikuwa zimeshafika kwenye diski ya fuasi, lakini hakuna aliyekuwa amezifungua.

Aliyezizuia alikuwa mimi mwenyewe, ingawa ilinichukua saa nzima kulikubali hilo. Mstari unapobadilishwa au kufutwa katika PostgreSQL, toleo lake la zamani halitoweki papo hapo, kwa sababu huenda msomaji mwingine bado analihitaji; huondolewa baadaye na kazi ya usafi iitwayo vakumu. Kwenye seva kuu vakumu inawajua wasomaji wote, hivyo huwaachia wanachokihitaji. Wasomaji wa fuasi haiwajui. Agizo la kuondoa matoleo ya zamani hufika kwa fuasi kupitia kumbukumbu ileile, na likimkuta msomaji anayeyatumia, fuasi haina budi kuchagua kati ya kumngoja msomaji amalize na kumkatisha. Kwa kawaida yake humngoja hadi sekunde 30, kisha humkatisha. Miezi michache kabla, mhasibu alinilalamikia kwamba ripoti yake ya mwezi hukatishwa kila mara, nami nikaugeuza mpangilio wa max_standby_streaming_delay kuwa -1, yaani fuasi ingoje bila kikomo. Mhasibu alinishukuru. Siku ile ripoti yake ndiyo iliyokuwa ikingojwa. Sikuwaza kwamba mabadiliko hurudiwa na mchakato mmoja, kwa foleni, na kwamba agizo moja likisimama, yote yaliyo nyuma yake husimama pia, hata yale yasiyohusiana kabisa na ripoti. Nilikuwa nimeuondoa usumbufu mezani kwa mhasibu na kuupeleka kwenye mizani.

Tangu hapo, kila mpangilio wa urudufishaji, yaani wa fuasi kuinakili seva kuu, ninaupima kwa swali moja: hapa atakayesubiri ni nani? Ipo njia ya tatu, hot_standby_feedback, ambapo fuasi huiarifu seva kuu ni matoleo gani bado inayatumia ili vakumu isiyaguse. Ripoti haikatishwi na foleni haisimami, lakini mistari iliyokufa hurundikana kwenye seva kuu, majedwali hufura, na kila anayeyasoma hulipa kidogo kidogo. Kwa ripoti ya dakika mbili tatu naiona njia nzuri. Kwa ripoti ya saa kadhaa siikubali.

Wengine hushauri urudufishaji wa kusubiriana, ambapo seva kuu haimwambii karani "tayari" mpaka fuasi nayo ijibu. Ushauri huo una nafasi yake, ila wengi hawajui kwamba synchronous_commit, mpangilio unaoamua seva kuu isubiri nini, ikiwa "on" huhakikisha tu kwamba badiliko limetua kwenye diski ya fuasi. Haihakikishi kwamba msomaji wa fuasi ataliona. Anayetaka hilo anahitaji kuiweka kuwa remote_apply, iliyokuja na toleo la 9.6 mwaka 2016. Lau ningekuwa nayo siku ile huku fuasi ikimngoja mhasibu bila kikomo, mizani zote zingeganda mpaka ripoti iishe.

Swali hilo lilirudi uongozi ulipoomba fuasi ya pili iwekwe Dar es Salaam, ili moto au mafuriko ya hapa yasitumalize. Kwa barabara ni takriban kilometa 450. Mwanga ndani ya mkongo husafiri kama kilometa 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi kilometa 900 ni milisekunde 4.5, kabla ya kuhesabu vifaa vyovyote vya njiani, na hakuna fedha itakayoupunguza muda huo. Kwa karani anayepima mzigo mmoja kila dakika chache si kitu. Lakini tulikuwa na kazi ya usiku inayokokotoa madai ya wanachama kwa miamala 40,000, mmoja baada ya mwingine. Kwa umbali huo, dakika 3 nzima zingekuwa za kuusubiri mwanga tu. Tuliikusanya kazi ile katika miamala michache mikubwa. Jambo ninalolipenda sana katika PostgreSQL ni kwamba synchronous_commit inaweza kuamuliwa kwa kila muamala: malipo ya wakulima husubiri jibu la Dar es Salaam, na kumbukumbu za nani ameingia kwenye mfumo hazisubiri. Weka lakini fuasi zaidi ya moja zinazoweza kujibu, kwani fuasi pekee inayosubiriwa ikizimika, malipo hayathibitishwi tena mpaka irudi au ubadilishe mpangilio.

Fuasi ya mbali pia huhitaji sloti ya urudufishaji, inayoiamuru seva kuu isifute kumbukumbu ambayo fuasi haijaipokea. Fuasi ikizimika kwa wiki, kumbukumbu hulundikana mpaka diski ya seva kuu ijae na seva isimame. Tangu toleo la 13 la mwaka 2020 upo mpangilio wa max_slot_wal_keep_size wa kuweka ukomo, ila usipouweka mwenyewe, ukomo haupo.

Nirudi kwa mhasibu, kwa sababu ripoti yenyewe haikustahili kuchukua dakika 14. Nilipoipitisha kwenye EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha jinsi kanzidata inavyolitekeleza swali, niliona jedwali zima likisomwa mstari kwa mstari, ingawa safuwima ya tarehe ilikuwa na faharasa, yaani orodha ya kuipata mistari haraka. Sharti la ripoti lilikuwa likiikokotoa kila tarehe ili kupata mwezi wake kabla ya kulinganisha, na faharasa imejengwa juu ya tarehe, si juu ya matokeo ya ukokotozi. Niliandika upya: kuanzia tarehe 1 ya mwezi hadi kabla ya tarehe 1 ya mwezi unaofuata. Ripoti sasa huisha chini ya sekunde 2, na kikomo cha fuasi nimekirudisha kuwa sekunde 30.

Orodha ya stakabadhi ya vituoni sasa husomwa kutoka seva kuu, kwa kuwa aliyeandika sasa hivi ana haki ya kuona alichoandika. Na kwa ajili ya ile "mara mbili", kila upimaji hupewa namba yake kwenye kompyuta ya kituo kabla haujatumwa, na jedwali la mizigo linakataa namba iliyokwisha kuingia. Karani akibonyeza tena kwa wasiwasi, mfumo humwonyesha stakabadhi ileile ya kwanza, naye humchapishia mzee karatasi yake.