Kabaila ni nani hasa?

Mpwa wangu yuko sekondari. Juzi alinisomea daftari lake la historia: "Kabaila ni tajiri wa Ulaya aliyemiliki ardhi kubwa na watumwa wa kuilima." Nikamwambia, mwanangu, mstari mmoja una makosa mawili. Na si yake peke yake. Nimeyasikia redioni, nimeyasikia barazani, na kila mwenye nyumba akipandisha kodi utasikia wapangaji wakimwita kabaila.

Maana yenyewe haina urefu. Ukabaila ni mfumo wa Ulaya ya zama za kati, tuseme karne ya 9 hadi ya 15, ambamo ardhi ilitolewa kwa malipo ya utumishi. Mfalme alimkatia mkuu wa vita eneo, mkuu naye akawakatia wapiganaji wake, na chini yao wote alikuwapo mkulima aliyelisha kila mtu. Kila nchi ilikuwa na namna yake, lakini kiini ni hicho.

Tatizo linaanzia kwenye neno. Wazungu neno lao, "feudalism", wamelitoa kwenye Kilatini cha zama hizo, "feudum", yaani ardhi uliyopewa ili utumike. Wataalamu wengi wanalivuta nyuma hadi kwenye lugha ya Wafaranki, watu wa kale wa Ulaya magharibi, kwenye neno lililomaanisha ng'ombe, na mali kwa jumla. Wajerumani mpaka leo mifugo wanaiita "Vieh". Mfugaji wa kwetu hatashangaa kwamba ng'ombe na mali vilikuwa neno moja. Sisi tukachukua njia nyingine kabisa. "Kabaila" ni ndugu wa "kabila", yote kutoka Kiarabu, na zamani alikuwa mtu mkubwa, mtu wa ukoo unaoheshimika. Halafu likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, likamkataza kiongozi kushiriki jambo lolote la kibepari au la kikabaila. Toka hapo maneno haya mawili yametembea pamoja kama pacha, na masikioni mwa watu kabaila akawa bepari mwenye shamba.

Lakini hawa ni watu tofauti. Bepari ananunua ardhi na anaweza kuiuza kesho asubuhi. Kabaila wa Ulaya alikabidhiwa. Alikwenda mbele ya bwana wake bila upanga, kichwa wazi, akapiga magoti, akaunganisha viganja na kuvitia kati ya viganja vya bwana, akatamka kwamba tangu siku hiyo yeye ni mtu wake. Baada ya hapo ndipo ardhi ikafuata, pamoja na deni la kwenda vitani akiitwa, mara nyingi siku 40 kwa mwaka. Akivunja kiapo, ardhi ingeweza kuchukuliwa.

Kosa la pili ndilo linaloniuma zaidi, lile la watumwa. Baadhi ya vitabu humwita mkulima yule "mtwana", na Pwani mtwana ni mtumwa mwanamume, kama mjakazi alivyo mtumwa mwanamke. Msomaji atajuaje? Waingereza wenyewe waliwatofautisha. Mwaka 1086 makarani wa Mfalme William walipozunguka nchi kuandika kila shamba na watu wake, watumwa waliwaandika peke yao, kama 28,000, na wakulima wa vijijini wakawaandika kando, zaidi ya 100,000. Mwaka 1102 mkutano wa kanisa uliofanyika London ukakataza kuuza watu kama wanyama, na katika karne iliyofuata utumwa ule ukafifia. Mkulima aliyefungwa kwenye ardhi, yaani asiyeruhusiwa kuihama, akabaki.

Huyu alikuwa na nyumba, na vipande vyake vya shamba ambavyo kwa desturi mwanawe angevirithi. Kwa kawaida shamba likipata bwana mpya, naye alikwenda nalo. Ila kila kitu kilikuwa na deni. Katika milki nyingi za Uingereza alitoa siku mbili au tatu za wiki kulima shamba la bwana, na mavuno yakifika aliongezewa nyingine, huku nafaka yake ikimsubiri. Akimwoza binti yake, analipa. Akifa, bwana anachukua mnyama wake bora kabla warithi hawajagusa kitu. Hata unga: asage kwenye kinu cha bwana na kuacha sehemu kama ujira.

Pale St Albans, mji wa Uingereza uliokuwa chini ya watawa, watu walijisagia nyumbani kwa mawe ya mkono. Mwanzoni mwa miaka ya 1330 Abati Richard wa Wallingford, mkuu wa watawa hao, akawanyang'anya mawe hayo, yakatandazwa yakawa sakafu ya sebule ya abasia, nyumba ya watawa. Fikiria kuingia kulipa deni lako huku unakanyaga jiwe la mama yako. Juni 1381, uasi wa wakulima ulipowaka, watu wakaingia sebuleni, wakayang'oa, wakayavunja na kugawana vipande, kila mmoja akaenda na chake nyumbani.

Mwezi huohuo, huko Mile End, karibu na London, waasi wengine walimwomba Mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 14, afute kufungwa kule kwenye ardhi, nao walipe kodi ya peni nne kwa ekari. Kodi ya fedha, yenye kiwango kinachojulikana, ambayo ukishalipa siku zako ni zako. Mfalme alikubali, kisha akageuka. Kwa hiyo mwenye nyumba wako anaweza kuwa mkali, hata dhalimu, na una haki ya kulalamika. Lakini uhusiano wenu ni ule ambao watu wa Mile End waliuomba wakaunyimwa.

Mpwa wangu tumeuandika mstari wake upya: "Kabaila ni mtu aliyepewa ardhi na bwana wake kwa kiapo cha utumishi, akalimiwa na wakulima waliofungwa kwenye ardhi hiyo." Akaniuliza, "Mjomba, mwalimu akisema ni watumwa?" Nikamwambia amjibu kwa adabu, na ataje mwaka 1086.