Mikaratusi inayosubiri mafuriko

Afrika Mashariki mkaratusi umejulikana kama mti unaokausha chemchemi, na wanaolalamika wana sababu. Hata hivyo, mmojawapo wa mikaratusi tuliyoipanda sana katika maeneo yetu makavu, Eucalyptus camaldulensis, kwao Australia ni mti wa kinamasi, unaosimama majini miezi mingi na kudhoofika mafuriko yasipofika. Mimi ni mtaalamu wa ikolojia ya ardhi oevu, na kila ninapoulizwa kuhusu mti huu huanza na msitu wa Barmah–Millewa, wenye hekta zipatazo 66,000 kando ya Mto Murray, mpakani mwa majimbo ya Victoria na New South Wales. Hakuna msitu wa mkaratusi huu unaoushinda kwa ukubwa.

Msitu huo ni zao la ardhi iliyoinuka. Maelfu mengi ya miaka iliyopita ufa wa Cadell, yaani mpasuko katika miamba ya chini ya ardhi, uliinua bonge la nchi, ukauzuia mto na kuulazimisha utafute njia nyingine. Njia uliyoipata ni nyembamba mno: katika sehemu iitwayo Barmah Choke, mto mkuu kuliko yote nchini humo hupitisha takriban lita bilioni 7 tu kwa siku. Maji yakizidi hapo hayana budi kupanda kingo na kuenea msituni. Kwa desturi ya mto, hilo lilitokea majira ya baridi na ya kuchipua, mvua na theluji ya milimani ilipoteremka, kisha kiangazi kikafika na nchi ikakauka.

Mti umejipanga kwa ratiba hiyo. Mbegu zake, ndogo kama punje za mchanga, huota kwenye tope linaloachwa na maji yanayorudi nyuma. Ukiung'oa mche uliokaa majini kwa wiki kadhaa, utaona kwenye shina, juu ya mizizi ya kawaida, vijizizi vyororo vilivyochipuka ndani ya maji yenyewe. Na ukiukata mzizi utakuta tishu yenye matundu ya kupitishia hewa, kwa kuwa udongo uliolowa hauna oksijeni. Lakini uvumilivu huo una kikomo. Mti mkubwa ukizingirwa na maji yasiyoondoka mwaka baada ya mwaka, hufa. Na mti mkubwa haupatikani upesi: mashimo ya shinani, ambamo kasuku wa kijani wa eneo hilo hutaga, huchukua zaidi ya miaka mia moja kutokea.

Bwawa la Hume, lililojengwa juu zaidi kwenye mto huohuo na kukamilika mwaka 1936, liliigeuza ratiba. Maji ya baridi huhifadhiwa bwawani na kuachiliwa kiangazi, wakulima wanapoyahitaji, hivyo mto hujaa wakati ambao ungepungua. Watu wengi hupima afya ya kinamasi kwa wingi wa maji. Mimi huuliza kwanza yamefika mwezi gani, yamekaa kwa muda gani na yameondoka lini. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni mbuga za nyasi za moira, zinazohitaji maji yenye kina kwa miezi mitano au zaidi, kisha ukavu wa kiangazi. Mafuriko yalipokuwa mafupi, miche ya mkaratusi iliota katikati ya mbuga bila kuzama. Na pale ambapo maji ya kiangazi yalivuja, matete makubwa yalitawala. Mbuga zikamezwa pande zote mbili, na kwarara na ndege wengine wa majini wakapoteza malisho.

Kuna hatari nyingine ambayo haionekani hadi inapozuka. Mkaratusi hupukutisha majani na magome mwaka mzima, na msitu ukikosa mafuriko kwa miaka mingi, kama ilivyokuwa katika ukame mrefu uliofikia mwisho wake karibu na mwaka 2010, takataka hizo hurundikana. Maji yanapokuja hatimaye, tena wakati wa joto, huzichemsha kama chai ya rangi: maji huwa meusi, bakteria huzila kaboni iliyoyeyuka na kumaliza oksijeni, na samaki hufa kwa wingi. Nyakati hizo kamba wa mto hutambaa kutoka majini na kukaa kwenye matawi na kingo, wakitafuta hewa. Ndiyo maana ninatetea mafuriko madogo ya mara kwa mara, katika majira ya baridi, dhidi ya kungoja gharika moja.

Sheria ya maji ya Australia ya mwaka 2007 na mpango wa mwaka 2012 wa bonde zima la mito Murray na Darling viliwezesha sehemu ya maji kutengwa kwa ajili ya mazingira, nayo huingizwa msituni kupitia malango yaliyojengwa kwenye vijito. Ni hatua kubwa, ila mti haujali karatasi ya mgao: lango likifunguliwa mwezi usiofaa, maji hayo hudhuru. Waliojua mwendo wa majira hayo mapema zaidi ni Wayorta Yorta, wenyeji wa asili wa eneo hilo, ambao huuita mto Dhungala, na makovu ya magome yaliyobanduliwa kutengenezea mitumbwi yangali kwenye mashina ya kale. Tangu mwaka 2010 wana makubaliano na serikali ya Victoria ya kushiriki katika usimamizi wa hifadhi ya Barmah.

Maji peke yake hayatoshi, kwani farasi wa mwituni huzila nyasi za moira na kuzikanyaga zingali changa. Ndani ya vipande vilivyozungushiwa uzio, nyasi hizo zimerudi na kutanda. Hatua moja nje ya uzio, kwenye maji yaleyale, ni tope lenye alama za kwato.